Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Uuzaji wa Dawa za Mafua Zenye Pseudoefedrini

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024. Kama mlivyoagiza, inahusu jambo moja tu, nalo ni uuzaji wa dawa za mafua zenye pseudoefedrini katika famasi tunazofanyia kazi hapa jimboni Oregon, Marekani, na namna sheria yake inavyowagusa wateja wetu wanaozungumza Kiswahili. Hesabu za fedha mmeshagawiwa na mhazini.

Wanachama wapya wameuliza kwa nini dawa ya kuzibua pua ifungiwe nyuma ya kaunta. Pseudoefedrini ni kile ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita kemikali bashirifu: ni dawa halali ambayo pia inaweza kugeuzwa kuwa methamfetamini, dawa kali ya kulevya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wadogo walikuwa wakiinunua madukani na kwenda kuipika majumbani na kwenye gereji. Jimbo la Oklahoma lilianza kuibana mwaka 2004, na sheria ya Marekani nzima ikasainiwa Machi 2006. Oregon ilikwenda mbali zaidi, kwani kuanzia tarehe 1 Julai 2006 hakuna aliyeweza kuipata bila cheti cha daktari. Sharti hilo liliondolewa tarehe 1 Januari 2022, na tangu hapo mlango unalindwa na sisi tulio kaunta.

Nilikuwa miongoni mwa waliotaka liondolewe, na sijabadili mawazo. Majiko ya kupikia methamfetamini majumbani yalipungua kweli, wala sibezi faida hiyo, maana yaliunguza nyumba zenye watoto ndani. Lakini methamfetamini yenyewe haikutoweka mitaani, kwa sababu nyingi ya sasa huingizwa kutoka Meksiko na hutengenezwa kwa kemikali zisizohusiana kabisa na vidonge vya mafua. Aliyebaki akilipia gharama ya kumwona daktari ni mgonjwa aliyeziba pua.

Jambo lililotusumbua zaidi mwaka huu ni vitambulisho. Sheria inamtaka mnunuzi aonyeshe kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali, asaini, na jina lake, anwani, dawa aliyonunua na saa ya mauzo viandikwe. Wateja wetu wengi ni wakimbizi kutoka Kongo ambao hawana leseni ya udereva, ila wana kadi ya ruhusa ya kufanya kazi yenye picha, iliyotolewa na serikali kuu, na kadi hiyo inakubalika kisheria. Hata hivyo mwanachama wetu mmoja aliamriwa na mwajiri wake awarudishe wateja wa namna hiyo kwa sababu mashine ya dukani ilikuwa ikisoma leseni pekee. Kamati iliandika barua, ikajibiwa baada ya wiki kadhaa, na sasa taarifa za kadi hizo huingizwa kwa mkono. Ninawaomba msikubali udhaifu wa mashine ugeuzwe kuwa sheria.

Kosa la pili lilikuwa letu wenyewe. Kipeperushi chetu cha Kiswahili kilisema kwamba kikomo ni gramu 3.6 kwa siku na gramu 9 kwa siku 30, na mzee mmoja akaelewa kuwa anaruhusiwa vidonge tisa kwa mwezi. Hakuwa na kosa, kwani nani hupima vidonge kwa gramu? Toleo jipya linataja vidonge: kwa vile vya miligramu 30, ni 146 kwa siku na 366 kwa siku 30. (Mkigawanya gramu hizo kwa miligramu 30 mtapata 120 na 300; tofauti inatokana na kwamba sheria hupima pseudoefedrini yenyewe, bila sehemu ya chumvi ya kikemia iliyounganishwa nayo kidongeni.) Tumeongeza pia onyo kwa wanaokusanya dawa ili kuwatumia ndugu nyumbani. Anayevuka kikomo cha siku 30 anatenda kosa yeye mwenyewe hata kama nia yake ni njema, na Kenya na Tanzania nazo zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 unaoidhibiti kemikali hii.

Lililobaki linahusu dhamiri ya kazi yetu. Mteja asiye na kitambulisho huelekezwa kwenye rafu ya wazi, ambako dawa nyingi za kuzibua pua zina kiambato kingine, fenilefrini. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua kwa kipimo kinachouzwa, na Novemba 2024 mamlaka ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya viambato vinavyoruhusiwa kwa kazi hiyo. Bado iko rafuni, na kuiuza ni halali. Mimi naona si haki kumkabidhi mtu kidonge ambacho sisi wenyewe hatungekinunua, kwa sababu tu hakihitaji saini. Mwambieni ukweli, mwonyesheni maji ya chumvi ya kusafishia pua au dawa ya kupuliza puani inayomfaa, na mwenye presha mwelezeni kwamba hata pseudoefedrini huenda isimfae.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe kipeperushi kipya na fedha za kukichapisha kabla ya msimu ujao wa mafua.

Mwenyekiti