Kwa Rajabu, kuhusu sifuri ya Jack Morris

Minneapolis

Ndugu yangu Rajabu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mzee Kombo umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila baridi imewahi. Niwie radhi kwa ukimya wa miezi mitatu. Kilichonishikisha kalamu leo ni lile swali lako: mchezo wa zaidi ya saa tatu unaokwisha kwa moja bila unamfurahisha nani?

Sikutarajia swali hilo kutoka kwako, uliyekaa golini misimu sita ukiilinda sifuri. Wiki iliyopita jirani yangu, mzee wa mji huu, alinionyesha kanda ya mechi ya saba na ya mwisho ya fainali ya besiboli ya Marekani, iliyochezwa hapa hapa tarehe 27 Oktoba 1991 baina ya Minnesota Twins na Atlanta Braves, timu ambazo mwaka uliotangulia zote mbili zilishika mkia katika makundi yao. Tangu usiku huo sijatulia.

Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo akimrushia mpigaji mmoja baada ya mwingine, na mpigaji hana budi kuvizunguka vituo vitatu na kurudi alipoanzia ndipo timu yake ipate pointi. Kwa Twins alirusha Jack Morris, mzaliwa wa jimbo hili, akiwa na miaka 36. Kwa Braves alirusha John Smoltz, kijana wa miaka 24 ambaye alikulia Michigan akimhusudu Morris huyo huyo, enzi hizo akiichezea Detroit. Awamu saba kati ya tisa za kawaida, kila timu ikipata zamu yake ya kupiga katika kila awamu, zilipita pasipo pointi hata moja.

Awamu ya nane ndiyo ninayotaka uione. Lonnie Smith wa Braves alitoka mbio kituo cha kwanza, na nyuma yake Terry Pendleton akaupiga mpira mbali kabisa. Walinzi wawili wa Twins, Knoblauch na Gagne, wakajifanya wanauchukua mpira chini karibu na kituo cha pili, ilhali mikono ilikuwa mitupu. Smith akasita, akageuza shingo kuutafuta, na alipouona alikuwa amechelewa, hakuweza kuvuka kituo cha tatu. Mwenyewe amesema kwamba hakuhadaiwa, ila aliupoteza mpira machoni. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne na ninamwamini. Hata hivyo Braves walikuwa na watu wawili vituoni, na hakuna aliyekwisha kutolewa. Morris akawatoa watatu waliohitajika ili zamu ya Braves ikome, bila mtu kufika nyumbani, yaani pale mpigaji anapoanzia. Jirani yangu, anayejua fika mwisho wake, alisimama akiwa amekikunja kiganjani kitambaa alichokipunga uwanjani usiku ule, kimechakaa pembeni hadi nyuzi zinaning'inia.

Baada ya awamu ya tisa, bado bila kwa bila, kocha wa Twins, Tom Kelly, alitaka kumpumzisha Morris. Morris akakataa, akarudi kichuguuni, na awamu ya kumi nayo ikawa sifuri. Alikuwa amerusha mipira 126. Ndipo Dan Gladden wa Twins akafika kituo cha pili kwa pigo lililolivunja gongo lake, na baadaye Gene Larkin akaupitisha mpira juu ya mlinzi wa kushoto, Gladden akaingia nyumbani, moja bila.

Nilipomwona Morris akikataa kutoka, nilikukumbuka wewe siku ile ya Tanga, kidole kimefungwa kitambaa. Je, ulimwambia nini kocha hata akakuacha uendelee? Ulikuwa ukiogopa? Na wale vijana unaowafundisha kudaka, bado wanakata tamaa timu isipofunga? Nikikutumia kanda hii, utaitazama nao, angalau awamu ya nane? Nijibu upesi, na unieleze Smith alisita kwa sababu gani kwa jicho lako la kipa.

Wako,
Idi