Miwani ianzie kampi, si katedrali

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaotaka kuuingiza mji wetu wa Lubumbashi katika miwani ya uhalisia pepe, ili hata mtu aliye Brussels atembee ndani ya majengo ya zamani bila kupanda ndege. Nawaunga mkono. Ninachopinga ni orodha yao: katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo ya 1920, sinagogi la 1930, ukumbi wa maonyesho wa 1956 uliochorwa na Claude Strebelle, ambamo sasa hukutana wabunge wa mkoa. Majengo hayo yana wenyewe na yana walinzi. Nani ataamka kesho akute katedrali imebomolewa?

Zinazotoweka ni nyumba za kampi, zile ambazo Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, iliwajengea wafanyakazi wake. Kila kiangazi mtu anaongeza chumba, mwingine anatoboa ukuta apate dirisha la duka, malata ya zamani (mabati) yanashushwa na lupango, yaani kiwanja cha nyumba, inazungushiwa ukuta mrefu. Siwalaumu, familia zimekua. Ila kazi yangu ni kuchora plani za nyumba, na kila ninapoitwa huko kupima naona vitu ambavyo fundi atavifunika wiki inayofuata: matofali ya udongo wa vichuguu vya mchwa, upande uliotazama moto wa tanuru umekuwa mweusi, mwingine mwekundu hafifu, na juu yake tabaka za chokaa za rangi tofauti, moja juu ya nyingine. Plani yangu haionyeshi hayo. Miwani ingeweza.

Wala si lazima kungoja mfadhili alete mashine ya leza ya kupimia majengo. Kwa fotogrametria, yaani kupima jengo kwa picha, unahitaji simu nzuri, kompyuta yenye nguvu na subira. Unaizunguka nyumba ukipiga picha mia kadhaa, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia, ili programu ipate nukta zilezile kutoka pembe mbalimbali na kukokotoa zilipo. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, maana vivuli vinavyohama huichanganya programu. Na uegemeze mita ya fundi ukutani: bila kipimo, kompyuta haijui kama imepewa nyumba au kiberiti.

Tuna mfano wa jirani. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Uganda, yalipimwa kwa leza mwaka 2009. Tarehe 16 Machi 2010 jengo kubwa la nyasi likateketea. Vipimo vilibaki, na ni jambo la kushukuru, lakini kuezeka upya kulihitaji watu wa ukoo wa Ngeye, ambao ndio wenye kazi hiyo kwa urithi. Ndiyo maana nasema vijana wetu wasirekodi kuta peke yake. Wamkalishe fundi mzee aeleze tofali lilichomwa vipi, wamkalishe na mama aliyelelewa kampi aseme nani aliishi mlango upi, sauti zao zisikike mtu anapoingia chumbani. Uwanja wa mpira ambapo wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi tarehe 9 Desemba 1941 utamwambia nini mgeni, akionyeshwa uwanja tu? Sammy Baloji, msanii wa picha na mtoto wa mji huu, amekwisha kuonyesha njia kwa kuwaweka wafanyakazi wa picha za kale mbele ya viwanda vilivyochakaa vya leo.

Sijasahau mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando ya shemini, bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 unachotwa kwa ajili ya kobalti, na wanaoukumbuka ulivyokuwa wanaona ulivyopungua. Huo nao upimwe mwaka huu, si baadaye.

Nina hofu moja ambayo makala yenu haikuigusa. Jengo likishaingia kwenye kompyuta, kuna wakubwa watakaosema: limehifadhiwa, sasa bomoeni tujenge ghorofa. Vijana wakisaini mkataba na yeyote, waandike humo kwamba nakala ya kompyuta si kibali cha kubomoa, na kwamba mafaili yote yatakaa hapa Lubumbashi, chuo kikuu au makumbusho, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuyafungua bila kuomba ruhusa Ulaya.

Mchora plani,
Komini ya Kenya, Lubumbashi