Barua ya malalamiko: mkopo wa siku saba na ujumbe mliomtumia mkwe wangu

Mteja wenu,
Makorora,
Tanga.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mikopo ya Simu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAKATO YA MKOPO WA SIKU SABA, NA KUSAMBAZA HABARI ZA DENI LANGU KWA NDUGU NA WATEJA WANGU

Habari za kazi. Jina langu kamili, namba yangu ya NIDA, picha ya uso wangu na majina ya watu wote niliowahi kuwahifadhi kwenye simu mnavyo tayari, kwa hiyo sitavirudia hapa, maana barua hii wataisoma na wengine. Kwenye programu yenu nimekwisha kulalamika. Kila nikiandika, mashine inanijibu kwamba ombi langu linashughulikiwa na kunishukuru kwa uvumilivu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nanunua pale Deep Sea alfajiri boti zinaporudi, nachemsha kwa maji ya chumvi, naanika, na mzigo ukikauka nawauzia wachuuzi wa Mgandini na wale wanaopandisha Korogwe na Lushoto. Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu fomu yenu iliuliza kazi yangu, nikaijaza, na sioni dalili kwamba kuna mtu aliyeisoma.

Msije mkanijibu kwamba mimi ni mtu wa kulalamikia kila kitu. Mkopo wenu una raha yake, na wanaotushangaa kwa nini tunaukimbilia hawajawahi kusimama kwenye mnada wa samaki mfuko mtupu. Benki wanataka dhamana na barua, na mpaka zikamilike dagaa wamekwisha kuozea ndooni. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu), hauna riba na siusemi vibaya, ila unataka kikundi na andiko la mradi, na tangu Aprili 2023 ulisimamishwa mpaka 2024 ndipo ukarudishwa. Kikoba nacho kina siku yake ya kukaa, na ukikopa pale wenzako wote wanajua unadaiwa kiasi gani. Kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anakuja mlangoni na daftari lake. Akikukosa anakaa barazani kukusubiri, mtaa mzima unapita unamwona.

Ninyi mliniletea pesa kabla hakujapambazuka, sijamwomba mdhamini wala sijabisha hodi kwa mtu. Mnachouza hasa ni haraka na siri, na siri ndiyo inayopendwa zaidi. Akina mama wengi wa Deep Sea wana programu mbili tatu za namna yenu kwenye simu, na hakuna anayemwambia mwenzake. Ya shoga yangu tunayeanika naye chanja moja niliijua siku ujumbe wa deni lake ulipoingia kwenye simu yangu. Sikumwambia kitu. Siku ya kwangu ilipofika, naye hakuniambia kitu.

Tuje kwenye hesabu. Mkopo wa kwanza ulikuwa mdogo, nikaulipa kwa wakati, mkanipongeza na kunipandishia kiwango. Safari hii niliomba 100,000. Tangazo lililonileta kwenu linasema muda wa kulipa ni hadi miezi mitatu. Nilipokwisha kubonyeza kukubali, ndipo skrini ilipoandika siku saba. Kilichoingia kwenye simu ni 72,000. Nikajua mtandao umekosea, nikafungua programu, nikakuta 28,000 zimekatwa njiani kwa majina matatu ambayo sikuonyeshwa kabla: ada ya huduma, ada ya uhakiki, ada ya mfumo. Chini yake kuna riba ya 7,000, iliyopigwa juu ya laki ambayo sikuishika. Deni la kulipa: 107,000.

Shule niliishia darasa la saba, lakini bei ya ndoo arobaini naijumlisha kichwani huku mnadi anapiga kelele, kwa hiyo hii haikunishinda. Mmenipa 72,000 kwa wiki moja, mnataka 35,000 juu yake. Ni karibu nusu ya nilichopokea. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 72,000 hiyo ni 2,520, tena kwa mwezi mzima. Hata nikiwakubalia uongo wa laki, ni 3,500. Mtaniambia 28,000 ni ada na wala si riba. Mimi nilizilipa kwa pesa ileile.

Halafu kuna kile kitufe cha "ongeza muda". Ukikibonyeza unalipa 35,000, unapewa siku saba nyingine, na deni linabaki 107,000 vilevile. Nilimpigia binti wa huduma kwa wateja nikamuuliza, mwanangu, hii 35,000 inakwenda kupunguza nini? Akaniambia inapunguza usumbufu. Nilicheka, kisha nikakumbuka ni pesa yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu hizo siku saba, maana naamini aliyezipanga hajawahi kununua dagaa. Boti zinatoka usiku wa giza. Taa ndiyo inayowaita dagaa juu, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, bahari yote inang'aa na dagaa wametawanyika. Siku hizo boti zinavutwa juu, mabaharia wanakaa kivulini wanashona nyavu, na ukifika Deep Sea alfajiri unakuta paka na wauza kahawa. Hakuna mtu aliyefanya uzembe. Ndivyo kazi ilivyo kila mwezi, tangu kwa bibi zetu. Na mzigo uliopatikana kwenye giza nao una safari yake: kuchemsha, kuanika, kuugeuza, kuombea mvua isinyeshe. Ikinyesha kabla haujakauka unabadilika rangi na bei inaporomoka. Ukikauka, mchuuzi wa Lushoto anauchukua kwa mali kauli, anaulipia akishauza. Pesa ya dagaa inarudi baada ya wiki mbili, mara nyingine tatu, na mwenye haraka aende akauze barafu. Mimi mlinikopesha mwishoni mwa giza, siku ya kulipa ikaangukia katikati ya mbalamwezi.

Niliwaandikia kabla ya siku hiyo, nikaomba mnisogezee mpaka mchuuzi wangu alete pesa. Ujumbe huo mnao. Jibu lilikuwa kijana aliyenipigia saa kumi na mbili asubuhi, siku ya mwisho haijafika, akaanza na "wewe mama". Hapa Tanga hata mgambo akija kukutoa barabarani na meza yako anaanza na shikamoo.

Siku ya mwisho ilipopita ndipo mkafanya lililonifanya niandike barua hii. Mliwatumia watu walio kwenye simu yangu ujumbe huu, naunakili kama ulivyo: "Mwambie huyu mama ni tapeli na mdaiwa sugu, amekuweka wewe kama mdhamini wake. Asipolipa leo kabla ya saa sita tutakuchukulia hatua wewe." Sikumweka mtu yeyote mdhamini, na fomu yenu haina hata mahali pa kuandika mdhamini. Mliingia kwenye simu yangu mkajichukulia majina.

Uliwafikia fundi wa friji ambaye hata sura yake siikumbuki, ustadhi anayewasomesha wajukuu zangu, na mchuuzi wangu wa Lushoto. Huyo wa Lushoto aliniletea pesa yangu yote, lakini tangu siku hiyo hachukui tena kwangu. Hakusema sababu na mimi sikumuuliza. Biashara ya mali kauli ni kuaminiana, na aliyeambiwa unatafutwa kwa utapeli atatafuta chanja nyingine.

Na ulimfikia mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu, mtu mzima wa Pangani. Kwetu mkwe unamsitiri na yeye anakusitiri. Akija nyumbani hata kicheko unakipunguza. Alinipigia baada ya Magharibi, akauliza hali, akauliza wajukuu, akazungumza habari za mvua. Mwisho akasema, "Mama, kama kuna zito huko nyumbani tuelezane, sisi ni watu wamoja," na kabla sijapata la kujibu akaniambia anatuma chochote. Alituma. Sikuwa na namna ya kukataa bila kumvunjia heshima. Tangu binti yangu aolewe sijawahi kumwomba mzee yule hata kiberiti. Kama yule kijana wenu angekuja na daftari kukaa barazani kwangu, angalau yangeishia Makorora.

Deni nimelilipa. Nililipa 107,000 zote mchuuzi alipoleta pesa, pamoja na "adhabu ya kuchelewa" ambayo mlikuwa mnaiongeza kila siku, na risiti zote ninazo. Hata hivyo programu bado inaonyesha nadaiwa 14,000, na ujumbe bado unawafikia watu. Juzi ulimfikia wifi yangu.

Sheria sikuitafuta mbali, kijana wangu alinisomea kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, unaogusa uwazi wa gharama, namna ya kudai madeni na faragha ya mteja. Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Siwatuhumu kwamba mmo au hammo. Ila nimeifungua programu yenu kila pembe sijaona namba ya leseni, wala mtaa ziliko ofisi zenu. Barua hii nimeipeleka kwa barua pepe iliyoandikwa chini kabisa kwa maandishi madogo, nikitumaini ipo.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza futeni hiyo 14,000 na mnipe taarifa ya mkopo wangu kwa maandishi, kila shilingi iliyoingia na iliyotoka na jina lake. Kilichozidi ukomo wa Benki Kuu nirudishieni, na mkiona zile ada ni halali, nionyesheni kifungu kinachoziruhusu. Futeni majina na namba za watu wangu mlizochukua. Wale hawajakopa kwenu na hawakuwapa ruhusa yoyote, na ruhusa yao mimi sina mamlaka ya kuitoa kwa kubonyeza kitufe. Andikeni na namba ya leseni yenu.

Kubwa kuliko yote, kila mtu mliyemtumia ule ujumbe mtumieni mwingine, kwa jina la kampuni, mkisema kwamba mimi si tapeli, sikumweka mtu yeyote mdhamini, na deni limelipwa. Orodha yao mnayo kuliko mimi. Kwa mkwe wangu msitume ujumbe. Apigiwe simu na mtu mzima, aanze na shikamoo. Pesa aliyonitumia nimekwisha kumrudishia mwenyewe, hiyo siwadai.

Kuna na ombi moja ambalo halinihusu mimi peke yangu. Mkiendelea kuwakopesha watu wa Deep Sea, na najua mtaendelea kwa sababu wateja mnao, wawekeeni siku thelathini, ili mkopo upite giza moja na mbalamwezi moja. Nina hakika mngelipwa bila kumpigia mtu kelele. Au siku ya kulipa achague mkopaji mwenyewe, mjue anavuna lini.

Nawapa siku kumi na nne kunijibu, mara mbili ya zile mlizonipa mimi. Zikipita, barua hii pamoja na risiti, picha za skrini na ule ujumbe naipeleka Benki Kuu na kwenye Tume. Wenzangu wawili wa pale pwani wameniambia watatia na za kwao.

Jibu liwe la maandishi. Simu kutoka namba zenu sipokei.

Wenu,

Mteja wenu, mwenye biashara ya dagaa,
Deep Sea, Tanga.