Zuhura, ijenge programu kwanza ndipo upige kura

Shangani, Mtwara
14 Septemba

Zuhura shoga yangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, mama anakusalimia na anauliza utapanda lini basi uje utuone, maana Lindi na Mtwara si safari ya kuogopa.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mradi wa programu huria unaouchangia umeitisha kura ya kutoa toleo jipya la programu, wewe si mwanakamati wa usimamizi, na kura yako haihesabiwi. Sasa uipige ya nini?

Ipige. Ila naona mambo mawili yamekuchanganya, tuyatenganishe kwanza.

Kwenye miradi ya Apache Software Foundation, taasisi ya programu huria, kama huo wenu, toleo hupita likipata angalau +1 (yaani nakubali) tatu za wanakamati, na +1 zizidi -1 (yaani nakataa). Toleo halina kura ya turufu. Turufu ipo kwenye mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, na hata huko anayeitumia sharti aeleze sababu ya kiufundi, la sivyo haina nguvu. Kwa hiyo usiogope kuandika -1 ukidhani utakwamisha kazi ya watu. Msimamizi wa toleo ataisoma, ataipima hoja yako, na akiona ni nzito anaweza kulirudisha toleo hata kama kura zimeshatimia.

Kwa kawaida kura hukaa wazi saa 72 au zaidi, isipokuwa kuna dharura, kama tundu la usalama linalotakiwa kuzibwa upesi. Wapo wanaoziona saa hizo ni nyingi. Mimi nazitetea. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikawa ya kubahatisha? Kura ya siku moja ingetupita sisi wote wa pwani hii.

Sasa nije kwenye lenyewe. Utaratibu wa Apache unamtaka mwanakamati, kabla hajaandika +1, apakue kifurushi cha msimbo chenye saini ya kidijitali ya aliyekitoa, akijenge kwenye mashine yake mwenyewe, yaani augeuze msimbo kuwa programu inayoendeshwa, na akijaribu. Ni kama korosho ghalani: daraja halitolewi kwa kutazama gunia, sampuli inapasuliwa kokwa ionekane. Hilo wewe unaliweza hata bila kuwa kwenye kamati, na ndilo linaloipa kura yako uzito. Andika umejenga kwenye mfumo gani, na Java (lugha ya programu) ya toleo gani, nini kimepita na nini kimegoma. “+1” tupu, hata ya mkongwe wa mradi, hainiambii kitu.

Mimi huanza na alama ya SHA-512, inayoonyesha faili halikubadilika njiani, kisha saini, niione inaafikiana na ufunguo wa mtoaji ulio kwenye faili la KEYS la mradi. Nafungua kifurushi natafuta faili za LICENSE na NOTICE, za leseni na taarifa za haki. Halafu najenga, na hapo ndipo penye utamu. Kuna toleo moja lilijengeka vizuri, jaribio moja la tarehe likagoma. Rekodi ya saa 22:00 ilikuwa imerukia siku ya pili. Mashine za majaribio za mradi zilikuwa zinasoma saa ya Greenwich, yangu ilikuwa saa tatu mbele, na aliyeandika jaribio hakuwaza mtu wa Afrika Mashariki. Nikaandika -1, nikabandika kosa lenyewe mstari kwa mstari. Kura yangu haikuwa ya kuhesabiwa kama yako tu, lakini msimamizi alilirudisha toleo wakarekebisha. Nani mwingine angeliona, Zuhura, kama si mtu aliyeketi huku?

Si kila mradi una desturi hii. Kiini cha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, hutoka mwanzilishi wake Linus Torvalds akiridhika. Debian, mradi wa mfumo unaotumia kiini hicho, wanapiga kura kumchagua kiongozi wao kila mwaka, ila toleo lenyewe ni kazi ya kikosi maalumu. Sisemi wanakosea. Ila mwaka 2024 niliogopa kweli, xz, programu ya kubana faili, ilipotegwa mlango wa siri wa wadukuzi: kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kipande kilichowasha mtego huo kilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo, kwenye hazina ya msimbo, mahali pa wazi unapohifadhiwa, hakikuwemo. Mhandisi wa programu Andres Freund aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Tangu hapo, pamoja na yote niliyokutajia, nalinganisha kifurushi na hazina, faili kwa faili. Nawe fanya hivyo. Faili ikizidi upande mmoja, uliza imetoka wapi, na usikubali kujibiwa juu juu.

Usipakue kwa bando la simu, litakwisha wakati wa kuvuta maktaba za kujengea, yaani vipande vya msimbo wa wengine ambavyo programu inavitegemea. Nenda kazini kwenu usiku. Saini ikikugomea nipigie hata usiku wa manane, nitakuwa macho. Na utakachoandika kwenye kura nitumie kwanza nikisome, hasa hicho kipimo cha maneno ya Kiswahili ulichosema unataka kukifanya, maana sijaona mwingine aliyewahi kukijaribu kwenye mradi huo.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rehema