Wanafunzi wetu wanasomea vivuli

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme jambo ninaloliona kila siku kwenye steshenari yangu hapa Mafiati, jijini Mbeya. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo.

Wiki mbili zilizopita, jioni ya mvua, aliingia binti wa mwaka wa kwanza anayesomea uuguzi katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. "Shikamoo mama, naomba unitolee hili desa," yaani kitini cha somo. Faili lilikuwa na kurasa 94 na uzito wa MB 118. Alikuwa amelishusha kwa bando lake mwenyewe kutoka kwenye mfumo wa chuo, ule wanaoingia kwa namba ya usajili na nywila. Nilipolifungua nikaona uzito umetoka wapi. Kila ukurasa ni picha ya simu, imepigwa juu ya kivuli cha kivuli, yaani fotokopi ya fotokopi, ya kitabu cha zamani. Ukurasa wa 7 kidole gumba cha mpiga picha kimo. Maneno ya pembeni yamekatika. Mchoro wa moyo, ambao sura nzima inautegemea, umekuwa doa jeusi lenye mishale; katika vyumba vinne hakionekani hata kimoja.

Kuchapa zote ni shilingi 9,400. Alikuwa na 5,000, na humo atoe nauli ya bajaji. Akaniomba nimtolee kurasa 30 za mwanzo, zilizobaki atasoma za mwenzake. Nilimtolea zote, lakini moyo uliniuma, kwa sababu nilijua namkabidhi karatasi zisizosomeka.

Na kitabu kizuri cha somo hilohilo kipo, tena bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Texas, Marekani, ulitoa kitabu cha anatomia na fiziolojia mwaka 2013. Kina zaidi ya kurasa 1,000, michoro ya rangi, na maswali mwishoni mwa kila sura. Leseni yake inamruhusu yeyote kukishusha, kukinakili, kukichapa, hata kukibadilisha, mradi awataje waliokiandika. Wengi hudhani kitabu cha bure kwenye intaneti lazima kiwe cha wizi. Sivyo, na sisi wa steshenari tuna sababu ya kujua tofauti, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatugusa moja kwa moja. Mwanafunzi akiniletea kitabu kizima cha mchapishaji nikitoe kivuli, mvunja sheria ni mimi. Chenye leseni huria nakichapa mchana kweupe. Vipo vyenye herufi NC kwenye leseni, yaani visifanyiwe biashara, kwa hiyo huwa naangalia ukurasa wa leseni kwanza.

Jambo hili si geni. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa watu wote. Mwaka uliofuata, katika kikao cha UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, likapatikana jina la rasilimali huria za elimu, yaani vifaa vya kusomea ambavyo yeyote anaruhusiwa kuvitumia na kuvirekebisha. Novemba 2019 mkutano mkuu wa UNESCO ukapitisha pendekezo kwa nchi wanachama, na ndani yake limo hili: anayeandaa rasilimali huria kazi yake ihesabiwe kuwa sifa ya kitaaluma. Hapo ndipo ninapowaomba wakuu wa vyuo, kuanzia Iringa hadi Mbeya, wasimame kidogo. Wahadhiri wanaokuja dukani kwangu huniambia makala ya jarida humpandisha mtu cheo, ila kitini alichokesha akikiandika hakimwongezei kitu. Basi mtu wa namna hiyo nitamlaumu vipi akipiga picha kitabu cha zamani na kukipandisha kwenye mfumo?

Mfumo wenyewe nao hautumiki ipasavyo. Vyuo vingi hutumia Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni aliyoianzisha Martin Dougiamas wa Australia, iliyotoka rasmi mwaka 2002. Chuo hakilipii leseni yake. Ina programu ya simu ambayo mwanafunzi anaweza kushushia somo akiwa kwenye waifai ya chuo, akalisoma baadaye bila mtandao. Mhadhiri akiruhusu, hata jaribio dogo hufanyika hivyo, majibu yakapanda simu ikishika mtandao. Kwa kijana anayekwenda fildi Ludewa au Makete, anakopanda kilima kutafuta mtandao, huo ni msaada mkubwa sana. Ninachokiona mimi kwenye flashi zao ni picha nzito, muhula baada ya muhula.

Kijana wangu wa dukani alichukua sura ya kwanza ya lile desa, kurasa 11, akaichapa upya neno kwa neno. Ilitoka KB 240. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba vitini vichapwe, visipigwe picha. La pili, vitabu huria viwekwe kwenye seva ya chuo chenyewe ili mwanafunzi avichukue bila kugusa bando.

La tatu ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Leseni huria inaruhusu kubadilisha, basi tubadilishe. Muuguzi atasoma kwa Kiingereza, lakini bibi wa Chunya atakayelazwa wodini anataka kuambiwa habari za figo, wengu na kongosho. Mhadhiri anaweza kuuchukua mchoro uleule, akaandika majina ya Kiswahili pembeni, akautoa tena kwa leseni huria ukatumika Njombe na Songea pia. Upande wa walimu wameshatangulia: mradi wa TESSA, unaoongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, una rasilimali za kufundishia kwa Kiswahili, na walimu wanaruhusiwa kuzirekebisha zifae darasa lao.

Binti yule alirudi Jumamosi. Nilimtolea sura ya 19 ya kitabu cha OpenStax, ile ya moyo, kwa rangi. Akaketi kwenye benchi la nje akiiangalia, kisha akarudi ndani kuniuliza mbona upande wa kulia wa moyo umechorwa kushoto. Tulihangaika wote wawili mpaka tukaelewa: mchoro unamwonyesha mgonjwa aliyekuelekea. Akacheka, akaandika kwa kalamu juu ya ukurasa, "kulia kwake."

Kitabu hicho sasa kipo kwenye kompyuta ya kwanza ukiingia dukani. Anayekuja na flashi namwekea bila malipo.

Mwenye steshenari,
Mafiati, Mbeya