Daftari la Faini

Majengo, Pumwani
Nairobi
Jumapili, baada ya magharibi

Shoga yangu,

Assalaam aleikum, na salamu nyingi kwa mama na wote hapo Langoni, Lamu. Natumai miguu ya mama imepata nafuu na kwamba bado anakugombeza kama zamani, maana mama akigomba ndio mzima.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, na sisi tunapigiana simu kila wiki. Lakini jambo nililo nalo halitoshi kwenye simu. Tena nataka ulisome mara mbili kabla hujanijibu.

Chama chetu cha kusoma vitabu kinaandika historia yake. Mwezi uliopita tulikubaliana tuchape kijitabu chembamba, kila mwanachama apate nakala, na nakala nyingine tuziweke maktaba ya Kaloleni tunakokutania sasa. Kazi nikatwikwa mimi kwa kuwa nimekuwamo tangu mwanzo. Nikaipokea nikidhani ni kazi ya siku mbili. Hii ni wiki ya tatu na sijavuka ukurasa wa kwanza.

Nilianza kwa kutafuta kumbukumbu za mikutano. Hazipo, hatukuwahi kuziandika. Kilichopo ni lile daftari la chapa ya Kasuku la mweka hazina wetu wa kwanza, daftari la faini. Unalikumbuka? Kuchelewa, shilingi 20. Simu kulia, 10. Kusengenya wakati mwenzio anasoma, 50. Nimelisoma lote usiku mmoja na wallahi nimelia. Maana fedha zile ndizo zilizotununulia vitabu, na marehemu, Mungu amrehemu, kila aliponunua kitabu aliandika pembeni jina lake na bei waliyopatana na yule kijana wa vitabu vya mtumba pale barabara ya Tom Mboya. Kwa hiyo ukizifuata faini unaviona vitabu vyote tulivyosoma, kimoja baada ya kingine. Unaona hata tulivyovipenda. Kuna kimoja ambacho watu walichelewa kila Jumamosi, mistari imejaa majina hadi ukingoni. Hicho kilitushinda tukakiacha njiani. Na kuna ukurasa mweupe kabisa, ameandika mstari mmoja tu: "Leo faini hakuna. Wote wamefika kabla ya saa nane." Nikahesabu wiki kwa vidole. Ilikuwa siku ya sura ya mwisho ya Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora.

Sasa sikia kinachonikosesha usingizi. Katibu wetu wa sasa ni mwalimu, mwanamke hodari, na nia yake ni njema. Aliniletea sentensi ya kufungulia kijitabu. Inasema chama kilianzishwa na wanawake wasomi wa Nairobi waliokuwa na mapenzi ya fasihi. Nikamwambia si kweli. Akasema haifai kuanika kwamba aliyeanzisha chama cha kusoma hajui kusoma, watu watatucheka na mwenyewe ataaibika. Wengine wakamuunga mkono. Nikabaki peke yangu, kwa sababu waliokuwepo siku ile wamehama au wametangulia mbele ya haki. Tumebaki watatu: mimi, wewe na Bi Mkubwa mwenyewe, aliyekianzisha.

Naiandika hapa siku ile kama ninavyoikumbuka. Nilipokosea unisahihishe.

Tulikuwa bado chama cha pesa tu, kile ambacho nyinyi watu wa pwani mnakiita mchezo. Wanawake kumi na mmoja, kila Jumamosi tunatoa, mmoja anabeba, tunakunywa chai, tunatawanyika. Siku hiyo tulikuwa kwa Bi Mkubwa. Mjukuu wake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anasoma kitabu chake cha shule, hicho hicho Kidagaa cha Ken Walibora kilichokuwa kikitahiniwa kidato cha nne miaka ile. Mara mtoto akacheka peke yake. Bibi yake akamwuliza anacheka nini. Akajibu, "Ni kitabu tu, bibi." Bi Mkubwa akaweka kikombe chini. Akasema, "Kitabu kinamchekesha mtoto ndani ya nyumba yangu, nami sikijui? Nisomeeni." Alisema hivyo, kwa wingi, akitutazama sisi sote, wala si mtoto. Wewe ndiye uliyekitwaa kitabu mkononi mwa yule mtoto ukafungua ukurasa wa kwanza. Tulikuja kushtuliwa na adhana ya magharibi. Michango ilikuwa bado iko mezani, hakuna aliyeihesabu.

Huo ndio mwanzo wetu, na sijui mwingine.

Na huyo asiyejua kusoma, si kwamba hakujaribu. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, Bi Mkubwa alijiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima. Alisoma miezi michache. Darasa lilikuwa alasiri, na alasiri ndipo wateja wanapopita soko la Gikomba wakitoka kazini. Alikuwa na watoto wanne na kibanda kimoja. Akachagua kibanda, na mimi sioni mtu wa kumlaumu.

Jambo jingine ambalo katibu hakuliona kwa sababu hakuwepo ni ile Jumamosi uliyotughania utendi wa Mwana Kupona. Tulikuwa tumemaliza kitabu na pesa za kingine hazijatosha. Ukasema, basi leo nitawasomea bila kitabu. Ukatueleza kwamba mwaka 1858 mwanamke huyo, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye wasia wa beti zaidi ya mia moja, na kwamba wewe ulifunzwa na bibi yako, yeye akisuka ukili na wewe umekaa miguuni pake. Ulighani kwa sauti ile yako ya chini hadi chai ikapoa. Kina mama wengine hawakukubaliana na kila kitu alichousia Mwana Kupona kuhusu kumtumikia mume, unakumbuka kelele zilizozuka! Lakini Bi Mkubwa hakuingia kwenye ubishi. Alikuuliza swali moja: "Bibi yako alikuwa na kitabu chake?" Ukasema hapana, alikuwa nao kifuani. Akasema, "Basi kifua hata mimi ninacho."

Na kweli anacho. Wewe ulishaondoka, hujui alivyokuwa. Mtu akisoma akaruka mstari, Bi Mkubwa anainua kidole: "Umeruka." Tunarudi nyuma, na kweli mstari umerukwa. Sura tulizosoma miaka minne iliyopita anakutajia nani alisema nini, amesimama wapi, mvua inanyesha au hainyeshi. Mimi niliyesoma kwa macho yangu mwenyewe nimeshasahau. Sasa nani kati yetu ndiye msomaji?

Nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Katika daftari kuna miezi miwili ambayo majina ni matano tu. Unaijua. Ni wakati wa ule mzozo wa lugha. Wale mabinti waliotoka chuo walitaka tusome vitabu vya Kiingereza, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: wanawake wengi wa Kenya waliojulikana kwa riwaya waliandika kwa Kiingereza, Grace Ogot, Rebeka Njau, Margaret Ogola. Hata Marjorie Oludhe Macgoye, aliyewahi kusimamia duka la vitabu hapa mjini na kukusanya watu humo wasomeane kazi zao. Wewe ukasema, kiwe cha lugha yoyote, lakini kikitoka mdomoni kitoke kwa Kiswahili, la sivyo tumemfungia mlango mwenye nyumba. Wakasema unawarudisha nyuma. Na mimi, shoga yangu, nilikuwa upande wao. Sikusema kwa sauti, lakini ulipogeuka kunitazama niliinamisha uso nikajidai natafuta miwani. Haujapita mwezi wa Ramadhani bila mimi kuikumbuka ile miwani. Nakuomba radhi leo, kwa maandishi, na nataka iingie kwenye kijitabu kwamba wewe ndiye uliyekuwa na haki.

Maana ulichofanya baadaye, sijaona tena mtu akikifanya. Ulikileta kile kitabu cha Grace Ogot cha mwaka 1966, The Promised Land, ukakishika mbele yako, macho yanasoma Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili, bila kusita, wiki baada ya wiki. Sisi tuliojua Kiingereza tuliona jinsi ulivyokuwa ukipima neno. Ochola anataka kuhama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, na mkewe Nyapol hataki lakini anafuata. Bi Mkubwa alikunyamazisha hapo. Akatusimulia alivyoletwa Nairobi kwa treni akiwa bibi harusi wa miezi mitatu, analia hadi Kibwezi. Hakuwa amewahi kutuambia. Na aliposikia kwamba Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga, akasema ndiyo sababu anajua kuandika maumivu. Yale mabinti yalirudi, mmoja mmoja. Faini zao zimo, kurasa mbili baadaye.

Ulipoitwa nyumbani kumuuguza mama, chama kilipwaya. Kilichotuinua ni shule. Kati ya mwaka 2018 na 2022 riwaya na tamthilia zilizotahiniwa katika Kiswahili zote mbili ziliandikwa na wanawake, Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea. Kina mama wakaanza kuja wenyewe: mtoto wangu anakisoma, nami nataka kukijua. Maneno yale yale ya Bi Mkubwa, na hawakujua kwamba yalishasemwa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Machi tukakatazwa kukutana kwa sababu ya korona. Aprili tukapata habari kwamba Ken Walibora amegongwa na gari kwenye barabara ya Landhies, barabara hii hii yetu, na amefariki. Tarehe 6 Mei Eastleigh ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na Bi Mkubwa alikuwa huko kwa mwanawe. Ilikuwa Ramadhani. Wewe unaijua sehemu yako, ulichukua zamu mara mbili kutoka Lamu, lakini sidhani uliijua picha nzima. Kila usiku baada ya futari mmoja wetu alimpigia akamsomea Kidagaa upya, tangu mwanzo, nusu saa. Mwanawe aliweka simu kwenye spika juu ya meza, na majirani wa ukumbi ule wakawa wanafungua milango kusikiliza. Daftarini imeandikwa: "Pesa za simu ya Bi Mkubwa," mara kumi na nne. Huo ndio ukurasa ninaotaka uchapwe kama ulivyo, kwa mwandiko wa marehemu.

Sasa tuko Kaloleni. Maktaba ile na ya Makadara zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Siku ya kwanza Bi Mkubwa alipita akigusa migongo ya vitabu, rafu nzima, kama mtu anayechagua vitenge. Nilipomwona nikawaza maktaba ya McMillan kule mjini, yenye simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, Lady McMillan akimkumbuka mumewe, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao; Mwafrika hakuingia kusoma hadi uhuru ulipokaribia. Mwanamke wa umri wa Bi Mkubwa amezaliwa wakati mji huu una mlango huo. Halafu leo sisi wenyewe, kwenye kijitabu chetu wenyewe, tumwondoe? Siwezi. Wakiamua hivyo nitarudisha kalamu.

Ijumaa nilikwenda kumwona. Nilimsomea mianzo yote miwili, wa katibu na wangu, bila kumwambia upi ni wa nani. Alisikiliza hadi mwisho amefumba macho. Akasema, "Huo wa kwanza ni mtamu, lakini mimi simo."

Kwa hiyo nakuomba uniandikie siku ile kama unavyoikumbuka wewe, kurasa mbili zinatosha, na utie sahihi yako chini. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mpe mtu wa basi, nitampokea mwenyewe, usitume kwa simu, wataniambia nimeitunga.

Na Bi Mkubwa ana ombi lake. Anasema kuna ubeti mmoja wa ule utendi, katikati, umemponyoka, na mjukuu amejaribu kumtafutia amekataa kuusikia. Anautaka kwa sauti yako. Mpigie Alhamisi baada ya isha, ndipo huwa macho.

Wako,
Shoga yako wa Majengo