Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Bustani za Vipepeo

Ndugu wanachama, salaam.

Hesabu za fedha ataziwasilisha mhazini baada yangu, na kumbukumbu za vikao mnazo. Mimi nitasema juu ya kazi tuliyokubaliana: kila mwenye nyumba hapa Minnesota, Marekani, atenge kipande cha ua apandie vipepeo monaki, na wanaokaa ghorofani wajaribu kwenye ndoo.

Wageni wetu huuliza kwa nini huyu na si mwingine. Ndiye kipepeo rasmi wa jimbo hili tangu mwaka 2000, na viwavi wake hawali kitu ila majani ya milkwidi, mmea wa porini wenye utomvu mweupe. Pasipo mmea huo, maua yawe mengi vipi, hutamwona akitaga. Mashambani dawa za magugu zimeufyeka. Machi mwaka huu ilitangazwa kwamba vipepeo waliokwenda kujikinga na baridi katika misitu ya milimani Meksiko walifunika hekta 1.79. Msimu uliotangulia ilikuwa hekta 0.9, kwa hiyo nafuu ipo, lakini msimu wa 1996–97 walifunika zaidi ya hekta 18.

Mwaka jana tulipanda mbegu mwezi Mei, kama mtu apandavyo mahindi, tukamwagilia wiki tatu na hakikuota kitu. Kumbe mbegu ya milkwidi haiamki mpaka ipite kwenye baridi na unyevu. Safari hii tulizitawanya Novemba kabla ardhi haijaganda, theluji ikazifunika. Waliochelewa walizifunga kwenye karatasi nyevu za jikoni wakaziweka kwenye friji zaidi ya mwezi, kando ya maziwa mgando. Njia zote mbili zilifaulu.

Juni nusura turudi nyuma. Mama wa mwenzetu mmoja, aliyekuja kutoka Tanga kulea mjukuu, aliamka alfajiri akang'oa mistari yote miwili. Alipoambiwa alishangaa: "Mmepanda magugu kwa mstari, mimi nitajuaje?" Hatuwezi kumlaumu. Kwetu jamaa za mmea huu huota kandokando ya barabara, wana utomvu mweupe uleule, na yupo kipepeo wa rangi ya chungwa, ndugu yake monaki, anayetaga hapohapo. Bahati nzuri mizizi hutambaa chini ya udongo, na baada ya wiki chache machipukizi yalitokea tena. Sasa mama huyo ndiye fundi wetu wa kutafuta mayai: anageuza jani taratibu, anaonyesha kwa ukucha yai moja, rangi ya malai, dogo kama kichwa cha pini. Yeye ndiye aliyetuonyesha pia kwamba kiwavi mkubwa hutafuna kwanza mshipa wa jani ili utomvu usimfikie kwa wingi, kisha jani likilegea ndipo anakula. Utomvu huo si mchezo. Mwenyekiti wenu alifikicha jicho kabla ya kunawa, akashinda siku nzima jicho jekundu.

Pigo la mwaka lilikuwa Julai. Tulinunua miche ya nyongeza dukani, na baada ya siku mbili viwavi walikuwa wamelala chini, wamenyauka. Miche ilikuwa imetiwa dawa ya wadudu kitaluni, ile inayonyonywa na mmea mzima hadi kwenye majani na nekta. Kuanzia sasa hatununui mche kabla ya kuuliza swali hilo, na asiyejibiwa aondoke bila kununua. Vidukari vya njano visiwatishe: viondoeni kwa maji ya bomba la mpira, baada ya kukagua mayai.

Mwanachama mwingine alipokea barua ya kumtaka afyeke "majani marefu". Tulimwandikia majibu tukitaja sheria ya jimbo ya 2023 inayoitaka miji iruhusu bustani za mimea ya asili zinazotunzwa. Alipanga mawe pembezoni, ikaonekana wazi kuwa ni bustani, na maneno yakaisha.

Kuhusu watoto kufuga viwavi kwenye chupa: kiwavi mmoja au wawili wa kutazama, sawa. Kulea makumi ndani ya nyumba sikubali, kwa sababu msongamano hueneza vimelea.

Tulipokosea zaidi ni vuli. Monaki wa kiangazi huishi wiki chache tu, lakini wanaozaliwa mwishoni mwa Agosti huishi miezi minane au zaidi na kuruka karibu kilomita 3,000 hadi Meksiko. Hao wanahitaji nekta, na bustani zetu Septemba zilikuwa zimekauka, zangu zikiwemo. Kamati inapendekeza kila ua uongezwe asta na goldenrodi, mimea inayochanua vuli, tulizopuuza kwa sababu hazipendezi kwenye picha.

Mbegu za msimu ujao ziko kwa katibu. Anayezitaka aje na bahasha yake, kwa kuwa bahasha za chama zimekwisha.